Siku Mama Alipolia Makumbushoni

Peckham,
London.
19 Mei 1996

Mpendwa kaka Laurean,

Pokea salamu zangu zenye upendo mwingi. Mguu wako unaendeleaje? Wifi Placida na watoto hawajambo? Je, mto mwaka huu umewaachia mpunga? Sisi huku tu wazima. Binti yangu Eufrasia anakua. Kiswahili anakielewa chote, ila akijibu ni Kiingereza, na bibi yake humjibu Kipogoro. Wanaelewana.

Kaka, najua unangoja habari za mama. Tangu nimlete huku baada ya kumzika baba, hakuwa na raha. Alikula kidogo, akashinda dirishani, na neno lake lilikuwa moja tu: "Nirudishe." Nami nikamkatalia. Nani atampikia? Nani atampeleka hospitali? Ikafika mahali tukabaki kusalimiana tu.

Jumamosi nikamtoa. Tulipanda basi hadi kwenye makumbusho madogo kando ya mto Thames, yanayoonyesha maisha ya watu wa kale waliohamia vinamasi vya mto huu, wakajenga matuta na kulima. Anayetembeza wageni ni Bwana Kailash, Mhindi wa makamo, mzaliwa wa Morogoro. Alipotusikia tu tukiongea, "Shikamoo, mama!" Mama alishtuka, kisha akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile.

Wametengeneza chumba cha wahamiaji hao: jiko, majembe, na sanamu ya mwanamke aliyeketi kando ya kitanda kitupu cha mtoto. Mama akauliza mtoto yuko wapi.

"Alikufa kwa homa, mama," Bwana Kailash akasema kwa upole. "Wengi walizika kwanza, ndipo wakavuna."

"Hata sisi," mama akasema. Kisha akalia, kaka. Yeye ambaye hatukuona chozi lake siku ya mazishi ya baba!

Bwana Kailash akaleta kiti. Ndipo mama akanieleza kwamba yeye na baba walipohamia kule mtoni kwetu, kukiwa bado msitu na viboko, walikuwa na mtoto, Protas. Alizaliwa kabla yako. Mafuriko ya kwanza yakaja na homa, akafa hajaanza kutembea. Unakumbuka mama alivyokuwa akitufukuza tusikalie yale mawe ya pembeni mwa shamba? Ni kaburi lake. Kumbe ndiyo maana baba aliusia azikwe pale, si kwenye makaburi ya misheni.

"Mbona hamkutuambia?" nikamuuliza.

"Baba yenu hakuweza kulitaja lile jina, nami nikanyamaza naye. Sasa wako peke yao wote wawili, na majani yanaota."

Eufrasia akajipenyeza mapajani mwa bibi yake, akawa anarudia polepole, "Protas, Protas." Mama akamkumbatia.

Nimekubali, kaka. Nilidhani anaikataa nyumba yangu, kumbe ana watu wake wa kuwatunza. Nitamleta mwenyewe mwezi wa saba pamoja na Eufrasia. Tafadhali ziba paa lake linapovuja, na umtafutie binti wa kulala naye. Majani ya makaburini uyaache, anataka kuyang'oa kwa mikono yake. Jioni ile alimaliza ugali wake, akaomba aongezwe.

Msalimie wifi Placida, wanangu wote, na mama mdogo Tekla. Na ukienda kwa padri kuomba misa ya baba, mwambie majina sasa ni mawili.

Mungu awafunike kwa kiganja chake hadi tutakaposhikana mikono.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Gaudensia