Mnong'onezi wa Chiriku

9 Februari

Dada yangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa wateja wote wa saluni, hata yule anayekoroma kitini ukimsuka. Kifua kimepoa? Mimi ni mgongo tu, maana mashuka ya hospitali ninayofua yakilowa ni mazito, lakini nimeshazoea.

Nakuandikia kwa sababu tukiongea kwenye simu Chiriku anakuwa ameinamia bega lako anasikiliza kila neno, na hili si la masikio yake. Jumapili alinieleza habari za kikundi cha maigizo cha watoto pale ukumbi wa vijana. Nilifurahi. Mtoto aliyepewa jina la ndege kwa kuongea, akaongelee jukwaani, majirani wapumzike. Kisha akasema kila mtoto huchagua mtu mzima wa nyumbani akae nyuma ya pazia na karatasi ya mchezo, amnong'oneze akisahau maneno. Nikamuuliza, "Na wewe mnong'onezi wako nani?" Akajibu, "Mama Mkubwa, nani mwingine?"

Nimeona wivu, Dada, sikufichi. Nilikata simu nikapiga pasi shuka moja mpaka likanuka kuungua. Najua unamlisha mwanangu, unamvika, unaamka akiota vibaya. Lakini hata huko nyuma ya pazia?

Mdogo wako

21 Februari

Mdogo wangu,

Barua imenikuta na mafuta ya nywele mkononi, kwa hiyo madoa usiyashangae. Kifua kimepoa. Huo mgongo ukande kwa maji ya moto, usijifanye chuma.

Wivu wako umenichekesha, halafu nikaacha kucheka. Ulitaka amchague nani? Mnong'onezi lazima ahudhurie mazoezi kila Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya kusuka. Nafunga saluni, wateja wananinunia, naenda kukaa kwenye kigoda nyuma ya pazia lenye vumbi, mwalimu ananipulizia filimbi masikioni. Jirani yangu kwenye vigoda ni fundi baiskeli, mnong'onezi wa mwanawe. Ananong'ona kama anaita mbuzi waliopotea. Tunavunjika mbavu.

Chiriku anaigiza bibi kizee ambaye mjukuu wake aliondoka zamani, sasa amerudi. Mchezo wameutunga watoto wenyewe. Akianza ile sauti ya kizee, nageuka nyuma nikidhani mama yetu amefufuka.

Dada yako

7 Machi

Dada,

Habari za huko? Huku mvua imeanza na nguo hazikauki, tunakimbizana na wauguzi kutwa.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikamcheka fundi baiskeli. Mara ya pili ikaniuma. Mnavunjika mbavu, nyinyi na mwanangu, na mimi naletewa kicheko kwenye bahasha kimeshapoa.

Msimamizi amenipa ruhusa nije kwenye onyesho la Aprili. Naomba nikae mimi kwenye hicho kigoda. Ninakilie mchezo wote, maneno yake na ya wenzake, nitauweka kwenye meza ya pasi niukariri. Wewe unaye asubuhi na jioni. Mimi nipe jioni hiyo moja. Na usiniambie nitakuwa nimechoka na safari, mtoto ni wangu.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Tu wazima sote. Chiriku ameng'oka jino, anasema halimharibii sauti.

Nimemweleza. Akafikiri kidogo, akasema sawa. Mwalimu naye alikuna kichwa, maana hukufanya mazoezi nao, lakini amekubali. Mchezo huu hapa, nimeunakili kwa mkono wangu. Kila neno lipo.

Siku hiyo mimi nina kichwa cha bibi harusi cha kusuka, kwa hiyo msinisubiri ukumbini.

Dada yako

16 Aprili

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi si mzima, na siongelei mgongo.

Niliondoka kwako bila kuaga vizuri. Sasa nimetulia kiasi cha kushika kalamu.

Mchezo nilikuwa naujua wote. Huku kazini hata wenzangu wa kukunja mashuka wameshaukariri kwa kunisikia. Mjukuu akapiga magoti, akauliza, "Bibi, umenisahau?" Jibu ni, "Kaa, ule kwanza." Chiriku akanyamaza. Nikamnong'oneza. Kimya. Nikarudia kwa nguvu kidogo. Kimya. Nikaona mwanangu anaumbuka mbele za watu na mimi nipo hapa hapa na karatasi mkononi. Nikalisema tena mpaka waliokaa nyuma kabisa wakalisikia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Chiriku akageuka kutazama pazia, kisha akayasema maneno haraka haraka, kwa sauti yake ya kitoto. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Fundi baiskeli akaja kunipa pole. Akasema kile kimya cha Chiriku ndicho wanachokisubiri kila Jumamosi, kwamba kikifika hata yeye anasahau kunong'ona. Na njiani tukirudi Chiriku akaniambia taratibu, kana kwamba mtoto ni mimi, "Mama, sikuwa nimesahau. Bibi anamtazama kwanza."

Kila Jumamosi, Dada. Wewe ulikuwepo kila Jumamosi. Kwenye karatasi yako hakuna hata nukta ya kuonyesha kimya hicho. Ulijua, na ulinyamaza.

Mdogo wako

28 Mei

Mdogo wangu,

Afya ipo, na Chiriku anakula vizuri. Najua umengoja jibu. Kila nilipoandika nilichana.

Sikusahau kuandika. Kalamu ilifika pale, nikapaona, nikapapita. Nilijiambia umeomba maneno na kimya si neno. Nilikuwa najidanganya. Nilikuwa na wivu, tena mbaya kuliko wako, kwa sababu wako una haki. Hata ukikaa mbali miaka, huyu akijikwaa anaita mama, na anayeitwa si mimi. Mimi nilikuwa na kigoda, nawe ukaja kukitaka. Nilitaka ukosee kidogo tu. Sikufikiri kwamba atakayechekwa ni yeye. Alikuja kulala bila kunisimulia chochote, na unajua si kawaida yake. Nisamehe ukiweza.

Onyesho linarudiwa tarehe ishirini na nane Juni. Juzi nikimsuka Chiriku akatangaza mipango yake: "Mama Mkubwa arudi nyuma ya pazia. Mama akae mbele kabisa, katikati." Nilifurahi mpaka nikamvuta nywele akalalamika. Baadaye nikiwa nafagia saluni nikaanza kulifikiria jambo hilo vizuri. Kutoka kwenye kigoda nakiona kisogo chake tu, na misuko niliyomsuka mwenyewe. Sauti yake naijua kuliko mtu yeyote. Lakini kile kimya kikifika sauti haipo, na uso anaoutoa wakati ule sijawahi kuuona hata siku moja. Huo amekuwekea wewe. Roho iliniuma, nikafagia sehemu ile ile mpaka mteja akaniuliza kuna nini.

Njoo. Ukishauona, niandikie ulikuwaje. Usiniache hivi hivi.

Dada yako

6 Julai

Dada yangu mpenzi,

Nimefika salama. Mgongo umeanza tena, naukanda kwa maji ya moto kama ulivyoagiza. Kule kwako Chiriku hakutupa nafasi ya kuongea, kwa hiyo nakujibu hapa.

Nilikaa katikati. Mjukuu akauliza, mwanetu akanyamaza. Nilitega sikio kwa pazia, hukunong'ona. Sikujua watoto na wazazi wote wale wanaweza kukaa vile bila mtu kukohoa. Akanitazama.

Ile karatasi nimekusamehe, na sitaitaja tena hata tukigombana. Endelea na Jumamosi zenu, mcheke na fundi wenu. Na akiteleza ulimi akakuita mama, itika, usimsahihishe.

Lakini umeniomba nikuandikie uso wake ulikuwaje. Kalamu ninayo, maneno ninayo, na siandiki. Huo niachie mimi.

Mdogo wako