Siku Nilipomkimbia Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Kivinje hatujambo. Babu yako yuko Rutamba kwenye korosho.

Unauliza, huko kwenye mafunzo yenu ya ualimu, kama niliwahi kumwogopa mwanafunzi. Nilimwogopa Zuhura. Alianguka kifafa darasani, na mimi, mwalimu mgeni nisiyefundishwa lolote kuhusu ugonjwa huo, nikakimbilia mlangoni pamoja na watoto. Tukamwacha sakafuni peke yake. Alipozinduka akatuona tulivyobanana kule, akauliza, "Mwalimu, nimemuumiza nani?"

Wewe umefundishwa kumlaza ubavu mtoto aliyeanguka kifafa. Kuogopa utaogopa tu, mama. Lakini akifumbua macho, akukute umekaa naye.

Bibi yako, Mwanahawa