Njia Isiyo na pa Kuchomokea

Jumatatu, 3 Juni

Karani wa parokia kanipa karatasi ya njia za hija kwenda kanisa la mlimani. Siku tatu, siku mbili, siku moja. Nimeitandaza kwenye meza ya cherehani, nikazipima njia kwa tepu kama suruali ya mteja. Nataka kwenda na wanangu wawili. Tangu tumzike baba yao, mwaka wa pili huu, hatujakaa watatu pamoja. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nikipiga chafya, najiambia afya mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempigia Bosi, kifungua mimba wangu — jina alijipa mwenyewe akiwa darasa la pili. Siku tatu nyingi, Mama, kazini hawatanielewa. Kasuku, mdogo wake, anasingizia goti. Goti! Juzi kanitumia picha anacheza harusini, kashika sketi kwa mikono miwili. Haya. Siku mbili.

Jumapili, 9 Juni

Mbili nazo nyingi. Moja basi. Nikiendelea kupunguza hivi tutahiji kutoka sebuleni hadi jikoni!

Jumatatu, 10 Juni

Nimefungua grupu la simu: Hija na Mama. Kasuku akaandika kwamba amefurahi sana. Kisha Bosi akatoa salamu. Dakika nne — Kasuku katoka. Jioni Bosi naye katoka. Nimebaki mimi na picha ya kanisa.

Kumbe si kazi. Kumbe si goti. Ni yale maneno ya makaburini, Bosi alipomwambia dada yake mbele ya watu: unamlilia mtu ambaye hukumuuguza. Nilisikia, nikajifanya sikusikia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimelia leo, na hakuna wa kuniambia nyamaza.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeikagua njia ya siku moja, peke yangu. Ina matawi mawili. La kushoto linafuata barabara: mtu akinuna, anasimamisha basi, kwaheri. La kulia linapita bondeni. Saa nne nzima, mto huku, jabali kule, hakuna pa kuchomokea. Nilimsalimia kila niliyekutana naye, hata mbuzi. Nimechagua la kulia.

Ijumaa, 14 Juni

Nimesema uongo, mara mbili. Kwa Bosi: dada yako haji. Kwa Kasuku: kaka yako haji. Wote wakakubali papo hapo — kazini wameelewa, goti limepona! Ningefurahi. Badala yake imenichoma, kama sindano ikipita kwenye kidole. Na uongo wenyewe wa kwendea hija, Mungu wangu.

Jumamosi, 22 Juni

Saa moja asubuhi. Niko kwenye benchi, mwanzo wa njia. Bosi kafika wa kwanza, kanikumbatia, kanibebea mkoba. Anasema afadhali tuko wawili tu, Mama, tutaongea. Nimetoa daftari, nimemwambia naandika sala.

Basi limesimama ng'ambo. Kasuku kashuka. Ananipungia mkono, anacheka — amemwona kaka yake. Mkono umebaki juu. Basi halijaondoka, kondakta bado anaita abiria, na mlango uko wazi nyuma yake.

Bosi ameacha kufunga kamba za viatu. Ananiuliza, polepole: "Mama, yeye alijua kama nipo?"

Naandika tu, ili nisiinue uso.