Kwa Mama Mkwe kwa Baiskeli

Jumapili, 29 Juni 2025

Mazoezi ya mwisho, kuzunguka ziwa la Joe Pool, hapa Texas. Saa tatu asubuhi na jua tayari limekasirika. Maili thelathini na mbili. Nimefika wa mwisho, kama kawaida yangu, lakini nimefika! Rafiki yangu Sadock ananingoja kivulini, ananisomea mapigo ya moyo wake kwenye saa kama anasoma matangazo kanisani. Huyu mtu ni nesi wa kawaida tu kule Mansfield. Mpandishe baiskeli, anageuka kocha wa timu ya taifa.

Charlotte bado amenuna. Miezi saba ya mimba, miguu imevimba, na mume anazunguka ziwa. Ana haki yake. Nina wiki mbili za likizo kwa mwaka mzima pale warehouse, na nimezipeleka zote kwenye baiskeli. Wakati huohuo mama yake yuko Des Moines tangu Novemba, katoka kambi ya wakimbizi, na mimi mkwe sijaenda kumsalimia hata siku moja. Desemba mizigo ilikuwa mingi, hakuna off. Pasaka gari lilikufa. Mama hakugomba. Alimwambia Charlotte neno moja tu: mkwe wangu sijamwona kwa macho, nitalalaje nyumbani kwake?

Basi, nisipokwenda haji. Mtoto anakuja Septemba. Nani atamwogesha? Nani atamkanda Charlotte kwa maji ya moto? Mama yangu mimi alibaki kambini Nyarugusu, kaburini. Charlotte analia jikoni huku amefungua bomba, anadhani sisikii.

Jumatatu, 30 Juni

Nimepata akili! Nikiwa juu ya forklift, nashusha mizigo, saa tano kasoro.

Sadock alipanga safari yetu ya baiskeli, tutoke Wichita tuishie Kansas City. Kwa nini tuishie hapo? Ongeza Missouri, ongeza kipande cha Iowa — uko Des Moines! Nikampigia wakati wa lunch. Akauliza kama kuna milima. Nikasema hakuna. (Sijui chochote.) Pontien, mwenzetu wa tatu, naye yuko kwenye simu kutoka Houston, akacheka mpaka akakohoa: yaani mtu anakwenda ukweni kwa baiskeli, mwaka huu, Marekani hii? Yeye yumo, hawezi kuikosa sinema hiyo.

Sadock kakubali kwa sharti moja: yeye ndiye atakuwa msemaji wangu mbele ya wakwe. Sawa! Aseme mpaka achoke.

Charlotte kanibusu hadharani, pale parking, jirani anaangalia.

Jumanne, 1 Julai

Mama mkwe kapiga. Moyo puu! Anauliza tunakuja na gari gani. Nikajibu: gari la Avelina, mama, mke wa Pontien. Si uongo. Gari la Avelina kweli linakuja, na vyakula vyetu na mahema. Sikusema tu kwamba mimi nitakuwa nyuma yake, juu ya magurudumu mawili.

Charlotte ameipiga pasi suti ya bluu, ile ya harusi. Akanishika kola: usije ukamtokea mama yangu na zile kaptula za kubana. Niahidi. Nikaahidi. Jamani, kwetu mkwe hata kucheka kwa sauti mbele ya mama mkwe ni shida. Sembuse kaptula zinazoonyesha mpaka ulichokula mchana!

Alhamisi, 3 Julai

Wichita – El Dorado. Siku ya kwanza kabisa. Jana Avelina ametuendesha saa sita, baiskeli nne nyuma (moja ya akiba), kwaya kwenye redio, hataki mtu aguse sauti. Leo ni sisi na miguu yetu.

Kansas ni tambarare. Hili walinidanganya vizuri. Hawakutaja upepo! Unakanyaga, unakanyaga, na ng'ombe upande wa kulia ni yuleyule.

Pontien ana miaka hamsini na mbili na baiskeli ya chuma, nzito kama kitanda. Ujana wake alikuwa anashusha ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama mpaka Bujumbura, mikungu sita nyuma. Anapanda huku anapiga mluzi. Sadock ana baiskeli nyepesi ambayo unaweza kuiinua kwa vidole viwili, na yuko nyuma ya Pontien anahema. Nimefurahi sana. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 4 Julai

Haya ya leo lazima niyaandike.

Tunakaribia Emporia, tunaingia kamji kadogo, barabara imefungwa kwa vizuizi. Polisi mmoja mzee anatuona, anatabasamu, anasogeza kizuizi. Tukapita. Kumbe tumeingia katikati ya gwaride la sikukuu yao ya uhuru! Mbele yetu matrekta ya kale, nyuma yetu bendi ya shule. Watu wamekaa kwenye viti pande zote wanapiga makofi. Kurudi nyuma haiwezekani. Basi tukapunga mikono! Avelina nyuma kwenye gari ameteremsha vioo vyote, anapunga kama mke wa gavana.

Watoto wakawa wanakinga mikono, kumbe hapa wanaopita hurusha pipi. Sisi pipi hatuna. Pontien akasimama dirishani kwa mkewe, akachukua ndoo ya mandazi, akaanza kugawa. Mandazi ya siku tatu, yameishia kwa watoto wa Kansas! Bibi mmoja akatukimbilia kuuliza hizi donati zinauzwa wapi. Avelina akamwelekeza Houston.

Tumecheka mpaka mbavu zinauma. Charlotte kwenye simu naye kacheka, kasema mtoto ameruka.

Jumapili, 6 Julai

Ottawa, Kansas. Misa, kufua, kulala. Siwezi kukaa. Kanisani nimesimama ibada nzima, padri anadhani nina imani kubwa.

Jumanne, 8 Julai

Missouri. Milima. MILIMA! Sadock haongei na mimi.

Jumatano, 9 Julai

Ameanza kuongea, kwa sababu ya Pontien.

Kilima kirefu kabla ya Bethany. Trekta linapanda taratibu, limevuta tela la majani makavu. Mimi na Sadock tumeshuka, tunasukuma, ulimi nje. Mara Pontien anatupita, akaongeza mwendo, akanyoosha mkono — akashika tela! Kama kwao. Kule milimani wabeba ndizi wanapanda hivyohivyo, wamening'inia kwenye malori. Huyoo, anapanda juu bila kukanyaga, anatupungia mkono kama mfalme.

Mkulima akamwona kwenye kioo. Akasimamisha trekta. Akashuka, mwekundu, mkubwa kama mlango. Anafoka: unataka kufa kwenye shamba langu? Pontien kavua helmeti, kwa adabu zote, kwa Kiingereza chake: Sir, in my country, this is the bus.

 Yule mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tairi. Tumeondoka pale na mahindi mabichi kumi na nne na tikiti maji moja, na ametusindikiza mpaka juu kwa mwendo wa konokono, sote watatu tumeshika tela. Sadock pia! Kocha wa taifa!

Avelina alipotukuta mbele alimgombeza mumewe kwa Kirundi dakika kumi nzima bila kupumua. Halafu akachoma mahindi.

Alhamisi, 10 Julai

Iowa! Tumepiga picha chini ya kibao. Majimbo matatu, mimi mtu wa forklift. Nimemtumia Charlotte. Amejibu moyo mmoja na swali moja: suti haijakunjamana? Nikaenda kuangalia. Imetundikwa vizuri nyuma ya kiti cha dereva.

Ijumaa, 11 Julai

Osceola. Kesho ndiyo kesho.

Niseme ukweli, naogopa. Milima siiogopi tena. Namwogopa mwanamke mmoja mfupi ambaye nimemwona kwenye simu tu. Akiniangalia akaona mtu wa mchezo je? Mtu aliyekaa miezi minane bila kuja, halafu anakuja na wacheza baiskeli? Akisema hapana, Septemba tutakuwa wawili na kichanga, na hatujui hata kumshika shingo. Nataka aje. Nataka nyumba yetu iwe na mama. Hilo tu.

Sadock ameitisha kikao. Msemaji kanena: ukweni hakuendwi kimyakimya, lazima mtu atangulie apige hodi, aseme wageni wenu wako njiani. Kweli kabisa. Tumekubaliana Avelina atangulie kesho asubuhi mpaka Des Moines. Sisi tutafika Indianola saa sita hivi, tutaoga kwenye kituo cha mafuta, nitavaa suti, halafu Avelina atarudi kutuchukua, tuingie kwa heshima. Tumejipongeza. Mpango safi, wa watu waliolelewa.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nikiwa chooni. Kituo cha mafuta, Indianola. Nimejifungia kwa ndani. Lazima mikono ifanye kitu, ndiyo maana naandika.

Tumefika saa tano na nusu, mapema! Nimenawa uso, nimepaka mafuta, nikamwambia Sadock nipe suti. Akaniangalia. Nikamwangalia. Suti iko nyuma ya kiti cha dereva. Dereva yuko Des Moines.

Sisi wasomi! Watu wazima watatu, tumemtanguliza mtu wa kupiga hodi na suruali yangu.

Nikasema si neno, Avelina anarudi, anakuja nayo. Tukanunua barafu, tukakaa ukutani. Mara basi dogo la kanisa likakunja kona, vioo wazi, na vigelegele vinaanza kabla halijasimama. Wanawake saba. Kumbe Avelina alipopiga hodi, wenyeji nao wakasema mgeni hangojwi ndani, hulakiwa njiani! Wakampakia gari lao, la kwake wakaliacha uwanjani kwao. Na suti humo humo. Na mbele kabisa, anashuka yeye. Mfupi. Miwani. Anatafuta kwa macho nani kati yetu ni mkwe.

Mimi nimevaa kaptula. Ile nyeusi. Nimekimbia.

Nasikia kila kitu. Avelina: Mungu wangu, suti! Sadock amejikohoza, ameanza hotuba pale pembeni ya mashine ya barafu, ati sisi ni wasafiri tuliotoka mbali, tumefuata harufu ya ua. Naye kaptula yake ina mstari wa pinki! Pontien anacheka, simsikii lakini najua. Sijawahi kuona aibu kama hii. Nimemwahidi Charlotte. Maili mia nne na arobaini, halafu mama yake ameniona mgongo nikikimbia.

Hotuba imekatwa katikati. Sauti ya mwanamke: msemaji, asante, umesema vizuri, niache kwanza na mtoto wangu.

Yuko mlangoni.

Nimesema shikamoo mama. Kupitia mlango wa choo! Salamu yangu ya kwanza kwake!

Akaitikia: Marahaba, baba.

Akauliza: kweli umekuja na baiskeli kutoka Texas? Nikasema hapana mama, Texas mpaka Wichita tulipanda gari, baiskeli ni kutoka Kansas. Akauliza Kansas ni mbali? Nikasema siku tisa. Akauliza nilikuwa nakula? Nikasema mahindi. Akasikika akiwaambia wenzake: siku tisa, amekula mahindi. Mmoja akasema Yesu wangu.

Nikamwambia: mama nisamehe, nilichelewa, ningekuja Desemba. Na sasa nimekuja vibaya, sijavaa, siwezi kutoka hivi mbele yako. 

Nikasikia mkoba unafunguliwa. Halafu chini ya mlango kikaingia kitambaa, taratibu, anakisukuma kwa vidole. Kitenge. Kijani na njano, bado kigumu, kina karatasi ya dukani. Jifunge hicho, anasema. Ila usikichafue, ni cha kumbebea mtoto. Nimekinunua tangu mwezi wa tano.

Mwezi wa tano! Charlotte hajui. Hakuna anayejua. Mimi nalia, mwanamume mzima, sakafuni, Indianola.

Nimekifunga mara mbili na mara mbili kimedondoka, kofia sijui nimeiweka wapi. Nje wameanza kuimba. Mtu anauliza kwa Kiingereza kama kuna anayeumwa. Mama mkwe anabisha tena, polepole, kidole kimoja. Hasemi toka. Anauliza chumba cha mtoto kina nafasi ya kitanda cha mtu mzima, au aje na godoro lake mwenyewe.

 Natafuta ncha ya kitenge, nitoke nimjibu.