Sahani ya Lemayani

Naserian mjukuu wangu,

Huku Olbalbal tu wazima, ila babu yako anasumbuliwa na goti. Unauliza kwa nini wanaotafiti ugonjwa wako wa utumbo, kila wakikutoa damu, wanataka kujua umekula nini.

Miaka ya sabini kaka yangu Lemayani, morani, alilazwa Karatu kwa tumbo kama lako. Daktari alimjaribia dawa mpya. Kila wiki protini ya damu ilishuka, akaandika kuwa dawa imeshindwa. Dawa! Morani hali nyama mbele ya wanawake, na wodi ilijaa manesi. Nyama yake, yenye hiyo protini, hakuigusa; niliila mimi niliyemuuguza. Dawa wakaisimamisha. Mvua iliyofuata hakuiona.

Hatukuulizwa anakula nini, nami sikusema. Wewe unaulizwa. Sema.

Bibi yako