Perege wa Bwawa la Marehemu Clavery

Kishanda,
Muleba.
9 Aprili 2024

Mpendwa mwanangu Klaudia,

Nakusalimu kwa upendo. Hujambo? Na joto la Mwanza mnaliwezaje? Mimi miguu imevimba, na pumzi inakatika kila baada ya mistari michache. Mama yako mdogo Restituta ni mzima.

Mara mbili nimekupigia simu nikuambie jambo hili, nikaishia kukuuliza habari za mvua. Sasa naandika. Muksini, kondakta wa basi, atakukabidhi mkononi.

Unalikumbuka bwawa la marehemu baba yako Clavery, chini ya kibanja chetu cha migomba. Perege walikula viluwiluwi vya mbu, na jioni Restituta alifukiza majani ya kashwagara mlangoni kuwafukuza mbu. Tuliishi hivyo miaka mingi. Mimi niliyesomea kilimo nikaona ni ushamba. Mwaka ule wewe ulipotuachia binti yako Renatha tumlee, nilichukua dawa ya wadudu wa kahawa nikaimimina bwawani. Restituta alinicheka: "Bwana shamba, na samaki utawavalisha barakoa?"

Kesho yake perege wote walielea. Na vyura. Mbu walipotea majuma machache tu. Mvua ziliporudi, walirudi wao peke yao, hakuna wa kuwala. Novemba ile Renatha akashikwa na malaria. Alikuwa na miaka sita.

Kwenye matanga watu walisema mbu walizaliwa kwenye mashimo ya matofali ya jirani yetu Karugendo. Mimi niliyejua ukweli nikaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyenunua tofali lake tena, akahamia Bumbire.

Sasa kaka yako Mutembei amepata dawa ileile. Jumamosi anaimwaga bwawani, na Restituta amesharudisha perege wadogo humo. Nimemkataza. Ananijibu, "Baba mdogo, si wewe mwenyewe uliyetufundisha?" Anataka sababu. Sababu ni Renatha, na mdomo wangu haufunguki.

Nakusihi, mpigie kabla ya Jumamosi. Bwawa ni la baba yenu, wewe atakusikia. Afyeke nyasi za kingoni, afukie madimbwi, samaki awaache. Akitaka sababu, msomee barua hii yote. Kisha msomee Karugendo, namba yake anayo Restituta.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, mpigie tu.

Msalimie mumeo Kahangwa. Mungu akulindie watoto waliobaki.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye ingawa sistahili kuandika neno hilo,

Aristides