Salamu Kwenye Foleni

Chumbani kwangu, nyuma ya chuo,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtoto wa kaka yako. Waraka ni nusu ya kuonana, nami leo naihitaji nusu hiyo kuliko siku zote. Goti lako linaendeleaje? Umemwona daktari, au bado unalipaka mafuta na kuliamuru lipone? Na cherehani imetengenezwa? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, na shati la kazini nalifua kila Jumamosi kama ulivyonifundisha.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana Baba amekueleza kwamba natibu vichaa. Sitibu mtu, Shangazi, wala hakuna kichaa. Hapa chuoni kuna ofisi ya ushauri nasaha. Mwanafunzi aliyelemewa na msiba, na masomo, au na huzuni asiyojua ilikotoka, huja kuzungumza na mshauri kwa saa moja, bure, na anayoyasema hayatoki nje. Washauri ni wawili: mama mmoja wa makamo tunayemwita Mama Mshauri, na bwana ambaye wanafunzi wamempa jina la Taratibu kwa jinsi anavyoongea. Mimi ni karani wao. Nakaa dirishani, natoa kadi, naandika daftari, nafunga droo. Nikishaifunga hurudi kuivuta nione kama imefunga kweli. Bwana Taratibu huniambia, "Kijana, droo hiyo haina miguu."

Chumba cha kungojea kina viti sita, vyote vimeelekezwa dirishani ili watu wasitazamane. Mtu haitwi kwa jina, huitwa kwa namba ya kadi. Huingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Na siku ya kwanza nilipewa sharti moja: ukimkuta mwanafunzi wetu huko nje, humjui mpaka akujue yeye kwanza.

Sharti hilo ndilo nililolivunja, na ndiyo sababu ya kimya changu cha mwezi mzima. Tafadhali barua hii usiisome kwa sauti mbele ya wageni, kama ilivyo desturi yako.

Kuna mwanafunzi nitakayemwita Kumi na Moja, ingawa hata namba hiyo si yake. Alikuwa akija kila Jumanne saa nne asubuhi. Mwanzoni alikuwa akiipokea kadi bila kuinua macho. Wiki ya tano akaniambia ahsante. Nilifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Kesho yake mchana nikamkuta mbele yangu kwenye foleni ya chakula, yuko na vijana watatu wa darasa lake. Mdomo ukatangulia, akili ikafuata. Nikamgusa bega, nikamwambia hujambo, basi Jumanne saa nne, usichelewe.

Mmoja wa wale vijana akauliza, "Jumanne una nini na karani wa ushauri?" Mwingine akadakia, "Kumbe mwenzetu hesabu zimemwishia kichwani!" Wakacheka. Kumi na Moja naye alicheka, kisha akaiweka sahani yake pale mezani, haijaguswa, akaondoka.

Jumanne iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Ujue, Shangazi, Mama Mshauri hajawahi kutoka mlangoni kumtazamia mtu. Siku hiyo alitoka mara mbili. Sikuambiwa lolote la siri za yule kijana, ila kwa zile mara mbili nilielewa kwamba hakuwa mtu wa kuachwa peke yake.

Daftari lina sehemu ya sababu. Niliandika: "Hakufika. Sababu haijulikani." Mwandiko wangu mzuri, ule uliokuwa ukiwaonyesha majirani, nikautumia kuandika uongo. Niliogopa. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, bado wiki mbili iishe, na Baba ameshamtangazia kila mtu kwamba mwanawe ni wa ofisini.

Kesho yake asubuhi nilifika kabla hata mfagizi hajafungua madirisha, nikamngoja Mama Mshauri, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Akaniambia nikae. Nikakaa kwenye kile kiti wanachokaa wao. Aliniuliza kwa nini nilimsalimu. Nikasema nilikolelewa mimi, kumpita mtu unayemjua bila salamu ni utovu wa adabu.

"Hilo ni kosa la mtoto aliyelelewa vizuri," alisema. "Lakini ni kosa."

Kisha akaniletea daftari nilirekebishe kwa mkono wangu. Nikakata maneno ya jana, nikaandika: "Karani alimsalimu hadharani." Maneno matatu tu, Shangazi, na kalamu ilikuwa nzito kama nondo.

Nilimwomba ruhusa nikamtafute bwenini nimtake radhi. Alikataa. Alisema nikimfuata huko nitakuwa nimemsalimu mara ya pili. Yeye mwenyewe alimtumia ujumbe mfupi, kwamba kosa ni la ofisi na saa yake ipo. Mimi nikapewa kazi ya kuilinda ile saa, nisimpe mtu mwingine hata foleni ikijaa. Jumanne ya pili niliilinda, ikapita tupu. Sijawahi kuona saa ndefu kama ile.

Jumanne ya tatu, saa nne na dakika thelathini na tano, mtu akasimama dirishani. Sikuthubutu kumtazama usoni, lakini viatu nilivijua. Akauliza, "Saa yangu bado ipo?" Nikamwambia ipo. Kadi ikaniponyoka, akaiokota mwenyewe.

Mama Mshauri alikaa naye mpaka saa sita. Badala ya kutokea nyuma, kijana alirudi kwangu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, ukurasa mzima, nimeyakariri. Lililotoka ni moja tu: "Nimekosa." Akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Huko nje usinisalimu tena. Nikiwa na salamu nitaitoa mwenyewe."

Mkuu wa idara hakunifukuza. Ameniongezea miezi mitatu ya majaribio, na barua yake ni kali lakini ya haki. Mwambie Baba taratibu, akishamaliza kula.

Juzi Ijumaa nilikuwa tena kwenye foleni ya chakula. Kumi na Moja alikuwa mbele, na wale wale watatu. Niliinamia sahani yangu kama msomaji wa dua. Nikasikia, "Karani, za kazi?" Ni yeye, amegeuka, mbele yao wote. Nikajibu, "Nzuri." Yule aliyetania mwezi uliopita alinitazama, akatazama viatu vyake. Foleni ikasogea.

Nisalimie Babu, mabinamu wote, na yule jirani mwenye kelele. Nikija likizo na kukawia mlangoni bila kukuamkia, usidhani nimeota pembe mjini. Nitakuwa nimesahau tu kwamba huko kwetu naruhusiwa kuanza. Mungu akulinde, akupe nguvu ya goti na subira ya kulingoja.

Ni mimi nikupendaye, mwoga wako yule yule,
Kifaranga